Mtamba Asiye na Doa

Jamani, hii simu yangu ya bei chee imeniaibisha. Wiki ya kwanza niliijaribu kwa kila kitu: chaji inakaa, mtandao unashika hata huku kwetu Qurus, na kamera inanifuta chunusi zote. Nikaisifia kwa kijiji kizima.

Mama akaniambia nimpige picha mtamba wetu mwekundu, tumuuze. Nikaituma picha kwa mzee mmoja wa Soitsambu, aliyekuwa akitafuta mtamba wa mahari ya mwanawe. Akanipigia: "Binti, hana doa? Kwetu mwenye doa hapelekwi ukweni."

Nami, badala ya kutoka hadi zizini, nikaitazama picha. "Hana hata moja, mzee."

Alifika juzi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtamba akageuza kichwa, uso umejaa madoa meupe, yale yale aliyozaliwa nayo. Kamera ilikuwa imemfuta kama inavyonifuta mimi. Natamani angenifokea.

Mzee alitazama picha, akamtazama mtamba, kisha akaninyooshea simu yake kwa upole.

"Binti yangu, niliyemfuata ni huyu. Mtoe humo, niondoke naye."