Kifuniko cha Bi Mwatum

Bi Mwatum wa Wambaa anajulikana kusini yote ya Pemba kwa mambo mawili. La kwanza ni mkate wake wa kumimina, uliokuwa ukipanda katikati ukafanya nundu kama ya fahali, na ambao hakuna mwanamke mwengine aliyewahi kuupata hata akitia hamira paketi nzima. La pili ni kwamba yeye ndiye aliyemgundua Mzee Pandu kuwa ni mwizi.

Hilo la pili hakulinong'ona. Alilitungia wimbo.

Kilichoibiwa ni toazi. Wambaa walikuwa na matoazi mawili ya kale, sahani za shaba nzito zilizobenuka katikati, zenye tundu la kupitishia ukanda. Moja likiitwa mume, jengine mke, na yakigonganishwa kwenye ngoma za harusi. Ya kale kiasi gani? Inategemea umemuuliza nani na kama ameshakula. Baba yake Pandu alikuwa akisema miaka mia. Pandu mwenyewe husema mia tatu. Wapo wanaosema yaliletwa kutoka Shihri, Uarabuni, na bwana mmoja aliyekuja kuuza papa mkavu akaishia kuoa, na wapo wanaosema yaliokotwa kwenye meli iliyopanda mwamba. Ukingoni yana maandishi madogo. Shehe mmoja aliyasoma akasema ni dua. Mwalimu wa madrasa akasema ni jina la fundi. Mgeni mmoja kutoka Maskati aliyatazama kwa muda mrefu sana, kisha akaomba maji ya kunywa.

Mila ya hapo ni kwamba mume na mke hawalali nyumba moja. Wakilala pamoja watazoeana, wazee walisema, na waliozoeana hawatoi sauti. (Mliooa hamhitaji maelezo.) Basi mume alikaa kwa ukoo wa Pandu, mke akakaa kwa ukoo wa Mwatum, amefungwa kitambaa ndani ya sanduku. Walikutana siku ya ngoma tu, wakagongana mpaka watu wakachoka, wakatengana.

Kwenye harusi ya Asma, mtoto wa dada yake Bi Mwatum, ukanda wa yule mke ulikatika ngoma ikiwa imepamba moto. Pandu, ndiye mpigaji, akalichukua toazi akalitie ukanda mpya. Wiki ikapita. Bi Mwatum akafungua sanduku: kitambaa kipo, mke hayupo.

"Nililirudisha kesho yake," alisema Pandu. "Ngozi sikupata. Nililiweka jikoni kwako, juu ya masufuria. Mlikuwa mnapika, hakuna aliyeniitikia."

"Jikoni kwangu nnakujua mimi, Bwana Pandu."

Na kweli hakwenda kutazama. Angetazama nini, na mwizi ameshampata? Wiki ile ile Pandu alionekana msikitini na kofia mpya ya viua, kazi ya mkono, vitundu vidogo kama macho ya dagaa. Ushahidi ukatimia. Harusi iliyofuata, Bi Mwatum akasimama katikati ya wanawake akaimba:

Toazi limekwenda wapi, jamani limekwenda wapi?
Muulizeni Pandu, kofia kaipata wapi?

Wimbo ulikuwa mtamu, hilo lazima likubaliwe. Watoto waliozaliwa baadaye waliukuta wakarukia nao kamba. Pandu hakualikwa tena kupiga. Watu wakimwona anapita huingiza ndani masinia yao, kwa mzaha, wenyewe wanasema. Binti yake alipoposwa, upande wa pili waliuliza, "Ndio wale wa toazi?" Posa ikarudi. Hiyo haikuwa mzaha.

Sasa kifuniko. Baada ya harusi ya Asma, Bi Mwatum alibaki na vyombo vya kuazima. Alivirudisha vyote isipokuwa kifuniko kimoja kizito, cheusi tititi kwa masizi na tui lililoungulia, chenye tundu juu. Hakuna aliyekuja kukidai. Alishuku ni cha jirani yake, Bi Mwanamize. Siku ya tatu akakijaribu: akapalia makaa pembeni, mvuke ukatokea tunduni, mkate ukapanda nundu. Siku ya nne akawa amemsahau Bi Mwanamize.

Tangu hapo, akioka hufunga mlango wa jikoni. "Nkate wangu una kisomo," huwaambia watu. Haya kidogo aliona, ile haya ndogo ya kula kifuniko cha jirani. Ndani humo, mlango ukiwa na komeo, akipanga makaa juu ya kitu cha wizi, aliimba kofia ya Pandu kwa miaka ishirini na mbili.

Mwaka huu akaja Haitham, bwana mmoja kutoka Chake anayeandika habari za vyombo vya kale. Akaweka simu mbele ya Bi Mwatum kumrekodi. Bi Mwatum akajitanda vizuri, ingawa simu ilikuwa ya sauti tu, akaeleza yote: jina la mwizi, kofia, na wimbo mara mbili. Haitham akasema itaingia kitabuni. Bi Mwatum akampa mkate wa njiani.

Siku ya pili yake alikwenda mazikoni Kisiwa Panza, akamwachia funguo mpangaji wake, Mwalimu Devotha. Huyu ni mtu wa Bukoba, anafundisha skuli ya hapo, na ana ugonjwa wa usafi. Bi Mwatum aliporudi alasiri alimkuta uani, mikono imevimba, steliwaya nne zimekwisha.

"Bibi, nimekusugulia kile kifuniko. Shaba tupu, kumbe! Tazama, kina maandishi."

Kilikuwa kimeegeshwa ukutani, kinang'aa kama kimetoka dukani. Bi Mwatum alikaa chini pale pale, juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

"Bibi, mazikoni kulikuwaje?"

"Nyamaza, mwanangu."

Kwanza alifanya lile ambalo mimi na wewe tungefanya. Alikipeleka jikoni, akawasha makumbi mabichi ya nazi, akakifukiza kirudi kuwa cheusi. Kikakataa. Kilishika masizi upande mmoja tu, na upande wa pili ukabaki unamtazama. Maandishi yenyewe yalikuwa nusu: mengine yameliwa na moto, mengine na steliwaya. Siku tatu hakuoka. Kila akifumba macho aliiona posa ya binti wa Pandu inarudi njia ile ile iliyojia. Siku ya nne Haitham alipiga simu kusema kitabu kinakwenda kupigwa chapa, je, ana la kuongeza?

"Ningojee," alisema Bi Mwatum. "Ningojee mpaka jioni."

Akakifunga kifuniko kwa kanga, akatoka mchana kweupe. Njiani Bi Mwanamize akamsimamisha. "Shoga, umebeba nini?"

"Kifuniko."

"Chako?"

Bi Mwatum alikaza fundo la kanga, akaenda zake.

Pandu alikuwa barazani anashona. "Karibu," alisema kabla hajainua macho. Alipoyainua akasema, "Umepotea njia, Bi Mwatum?"

Bi Mwatum alifungua kanga. "Lilikuwa jikoni," alisema.

"Nilikwambia."

"Juu ya masufuria."

"Nilikwambia hilo pia." Pandu alilipima mkononi, akaingia ndani, akatoka na mume. Akayagonga. Mume alilia mlio mrefu, mwembamba. Mke alitoa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Ni moto," alisema Bi Mwatum. "Nilikuwa nnaokea nkate."

Pandu aliligeuza toazi mkononi. "Mke wangu hunletea nkate kila Ramadhani, wa nundu. Akisema wa Bi Mwanamize." Akalilaza mke kwenye jamvi, mbali na mume, kama mila inavyotaka. "N'ntu gani mie! Nimeufturia wizi wangu mwenyewe."

Hapo ndipo Bi Mwatum alipoona alichoshika Pandu tangu mwanzo: kitambaa cheupe cha duara, sindano, na vitundu vidogo kama macho ya dagaa.

"Ile kofia," alisema polepole, "uliipata wapi?"

"Nilishona mwenyewe. Miezi minne. Uliwauliza wote mpaka wanaoruka kamba, mie peke yangu hukuniuliza."

Bi Mwatum aliomba radhi. Aliahidi kwamba Haitham atafuta.

"Haitham atafuta," alisema Pandu. "Na wale wanaoruka kamba atawafuta nani? Mie hukunitukana barazani, Bi Mwatum. Ulintukana ngomani."

Kwa hiyo kwenye harusi ya Rahila, mtoto wa yule yule Asma, Pandu alialikwa. Matoazi yakakutana, mmoja akilia na mwengine akikohoa. Haitham alikuwepo, na aliyemsikiliza aliambiwa kwamba masinia yote ya shaba ya Wambaa, madeli ya kahawa na vyetezo vya ubani, yaliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pengine toazi hili lilipona kwa kuwa halikujulikana kuwa ni shaba. Bi Mwatum hakutaka kusikia kwamba amehifadhi kitu. Alisimama pale pale pa wanawake, akaimba:

Toazi liko jikoni, jamani liko jikoni,
Mwizi ni mimi Mwatum, haya yangu i usoni.

Kisha Bi Mwanamize akapaza sauti kutoka nyuma, "Na kifuniko changu mie kiko wapi?" na ukumbi mzima ukaanguka kwa vicheko. Bi Mwatum alimaliza ubeti akilia. Pandu hakucheka. Alipiga mpaka mwisho.

Mkate wa Bi Mwatum sasa ni bapa kama wa watu wengine, na mlango wa jikoni uko wazi. Kwa hiyo anasikia vizuri. Kila alasiri wasichana wakianza kamba barabarani, hutoka na unga mikononi.

"Si Pandu! Ni mimi! Imbeni ule mpya!"

"Tunajua, bibi," humjibu, na kamba haisimami. "Lakini ule mpya hauna kofia."

Wanaendelea na ule wa zamani. Yeye husimama hapo hapo mbele yao, mpaka wauchoke.