Jeki ya Baba na Jiwe la Matumbawe

Baba yangu ni mwashi mstaafu wa Mtongwe, na mwashi akishaliamini jiwe, huna la kumwambia. Kila gari lake lilipopata pancha uani kwetu, alitoa jeki yake ya mkasi, nyembamba, imepinda kiuno. Na kwa kuwa uwanja wetu ni mchanga mtupu, aliiweka juu ya kipande cha jiwe la matumbawe kilichobaki alipojenga nyumba. Nikimwambia, "Baba, jiwe hilo litapasuka," hunijibu, "Jiwe hili ndilo limebeba nyumba unayolala." Mimi nina mdomo, sikosi la kujibu, lakini hapo alikuwa akinifunga.

Siku hiyo ilikuwa baada ya alasiri. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshatoka, gari liko juu, nami nimesimama na tairi ya akiba. Nati moja ikamponyoka ikaviringika chini ya gari. Baba akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani kuitafuta. Nikamwambia atoke, nitaivuta kwa ufagio. Hakunisikia, au alijifanya hasikii.

Nyanya yangu, mamake baba, alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Macho yake yamekwisha kabisa, anatujua kwa sauti. Akamwita mwanawe. Sasa kwetu, mama akikuita huitiki ukiwa umelala. Unasimama, unaitika, unakwenda. Baba ana miaka sitini na kitu, magoti yanamlia, lakini hajawahi hata siku moja kumwitikia mamake akiwa ametandaa chini. Akautoa mkono, akainuka, akajikung'uta mchanga.

"Labeka, mama."

Hakumaliza hatua mbili. Jiwe lilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kashata, jeki ikalala ubavu, na gari likashuka pale pale mkono wake ulipokuwa. Nilikaa mchangani nikalia. Nilimlilia na kumgombeza kwa pamoja, maneno mengine siyakumbuki na siyajutii. Baba aliliangalia lile jiwe lililosagika unga, akasema tu, "Ukutani halifanyi hivi."

Asubuhi yake nikaenda Likoni, duka la vipuri. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa bara, simu imebanwa begani, mikono imejaa grisi. Nikanyooshea kidole jeki kubwa ya magurudumu, nyekundu, ya kupendeza. Hakunipa.

"Kwenu ni lami ama ni mchanga?" akauliza.

"Mchanga."

"Basi hiyo itawazamia. Hiyo ni ya sakafu."

Akanitolea jeki ya mafuta, fupi, nene, mfano wa chupa, yenye kitako kipana. Akanionyesha palipoandikwa uzito inaoweza kubeba, tukaulinganisha na gari la baba. Akaniambia chini yake tuweke ubao mgumu, mpana, na jiwe tulisahau. Kisha akaongeza stendi ya chuma ya kusimamisha chini ya gari. "Jeki ni ya kuinua tu," akasema. "Ya kushikilia ni hii. Na hata ukiwa nazo zote mbili, mkono wako kaa nao nje." Nilimpenda mama yule papo hapo.

Baba akaona nimemdharau. "Miaka yote hii nainua magari, leo nifunzwe na watu wa dukani?" Akaisukuma ile jeki kando kwa mguu, akaulizia yake ya zamani. Nilikuwa nishampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Baba akanuna siku mbili, chai anakunywa ameelekeza uso ukutani. Nikamwacha anune. Bora baba mwenye kinyongo na mikono miwili.

Nyanya ndiye aliyeyamaliza. Alimwita, baba akaja akasimama mbele yake. "Nipe huo mkono," akasema. Akaupapasa kidole kimoja kimoja, polepole, mpaka kwenye kiwiko. "Mkono huu nimeuzaa mimi. Utatumia jeki aliyokuletea mwanao."

"Inshallah, mama."

"Inshallah, na ndiyo pia uiseme."

Akaisema, huku akiniangalia mimi kwa jicho baya.

Siku hizi pancha ikitokea, baba hutandika ubao, husimamisha jeki, huweka stendi, na hunitupia jicho la pembeni kuona kama nimeona. Naona. Nati ikianguka, huivuta kwa ufagio. Lakini nyanya haviamini vyuma hivyo. Humwita kila baada ya dakika chache, na baba huinuka na magoti yake, hujikung'uta, huenda mpaka barazani. Juzi aliitwa mara tano kabla gurudumu halijakaa.

"Labeka, mama. Wanitakia nini?"

"Sikutakii kitu," nyanya akamwambia. "Nataka kusikia waitika."