Upinde Mzito wa Mwenye Duka la Vitambaa

Wiki iliyopita tulimzika mwenye duka la vitambaa wa Kisauni, ambaye wengi wenu mmemkuta akipima mapazia huku akiwasomesha siasa. Moyo wake ulisimama muda mfupi baada ya swala ya alfajiri. Sikuwa rafiki yake wa ndani. Tulijuana kwenye uwanja wa kulenga shabaha kwa mishale, ndani ya machimbo ya zamani kule Bamburi, ambako ukuta wa mawe huipokea mishale yote iliyokosa njia. Hata hivyo, nimehuzunika kuliko nilivyotarajia.

Alikuja kwetu kwa amri ya daktari, aliyemtaka aache kukaa kitini kutwa kwa sababu ya moyo wake. Mwalimu wetu, mwanamke wa bara aliyewahi kuwafundisha watalii hotelini, alimtolea upinde wa mbao uliokwisha tumika, mwepesi, wa bei nafuu. “Mzee, wewe anza na hii,” alimwambia. “Hii haitakuumiza bega. Ukishazoea, utanunua ingine.” Mzee aliutazama kama mtu aliyeletewa chai baridi. “Mwanangu, waniona mimi mtoto? Nipite mbele ya baraza na kijiti hichi, watu wasemeje?” Huo ndio ugonjwa wetu watu wa huku. Wanaume wa baraza ya nje ya duka lake hawakuwahi kushika mshale hata siku moja, lakini wao ndio waliomchagulia upinde. Aliagiza mmoja kutoka ng’ambo, mweusi, unaong’aa, mzito wa kuvutwa na mabaunsa. Ulipofika, baraza iliusifu wiki nzima, na kahawa ikanyweka kwa gharama yake.

Tatizo lilikuwa dogo tu: hakuweza kuuvuta. Kila Jumapili alifika nao, akauegemeza kwenye jiwe, kisha udhuru ukafuata. Leo upepo. Leo bega nimelilalia vibaya. Leo, wallahi, nimekula biriani. Sisi tukanyamaza kwa adabu, maana kwetu mtu mzima hakosolewi mbele za watu. Mficha uchi hazai, nasi tulimsaidia kuuficha, huku mazoezi aliyoamriwa na daktari yakiwa ni kuutoa upinde garini na kuurudisha. Aliyemwokoa ni mkewe. Siku moja alimsindikiza, akaomba ule wa mbao, akaonyeshwa namna ya kusimama, na haukupita muda mshale wake ukajikita katikati ya shabaha. Mzee aliuacha ule mweusi kwenye jiwe, akamsogelea.

“Bibiye,” akasema, “hebu niazime na mimi.”

“Hichi kijiti?”

“Hicho hicho.”

Tulicheka mpaka mwalimu akatukemea. Waliununua, na tangu siku ile mume na mke walikuwa wakipokezana upinde huo mmoja, na mzee akipata shabaha alipiga kelele utadhani amefunga bao. Jasho lilimtoka, daktari akampongeza, na muda aliojaliwa baada ya hapo aliula kwa raha.

Kwenye hitma, baraza ile ile ilimsifu marehemu kuwa mwanamume wa upinde mzito. Kijiti hakikutajwa na mtu. Kabla mikeka haijakunjwa, wanafunzi wapya wa uwanja wetu, wanaume wenye ndevu zao, walinijia mmoja mmoja wakininong’oneza: ule mweusi utakwenda kwa nani, na je, familia itauuza kwa bei ya kindugu? Mmoja wao bega lake lilikuwa limefungwa bandeji. Kwa kuwa mjane yuko edani, nilimwomba kaka yake aingie ndani akamuulize. Alirudi akijizuia kucheka. “Asema huo mzito wauchukue, wagombanie wenyewe. Wa mbao usiguswe. Akitoka eda, inshallah, ana kazi nao.”

Basi, msomaji wangu unayetaka kuanza mchezo huu, nenda kununua na mkono wako, baraza uiache nyumbani. Upinde unaoweza kuuvuta ndio upinde, hata ukiwa wa bei ya chini. Usioweza kuuvuta ni pambo la sebuleni. Mungu amrehemu mzee wetu, aliyekubali kuazima cha mkewe mbele ya watu. Wengi wetu tungeona afadhali kufa kuliko kufanya vile, na ndivyo wengi wetu tunavyokufa.