Mkono wa Byamungu

Watu wa rika langu, mliolelewa huku ughaibuni, kwenye maghorofa ya Ladywood, na wazazi waliotoka Kivu, mtanisaidia kukumbuka. Nyumba zilikuwa ndogo na watoto tulikuwa wengi, kwa hiyo tulifukuzwa nje mara tu tulipovua sare za shule. Ngazi zilinuka dawa ya kudekia na mafuta ya chipsi. Mvua ilinyesha karibu kila siku nasi tulicheza humo humo, soksi zikitota, mpaka Mama achungulie dirishani ghorofa ya sita na kutuita kwa majina yetu yote, hata yale ya ubatizo. Juu tulikuta bugali na sombe, kisamvu chetu, vikifuka moshi. Simu za kuchezea hatukuwa nazo. Watoto wa leo ukiwanyang'anya chaja utadhani umewakata pumzi.

Kaka yangu Byamungu alinizidi miaka mitatu, na nilimwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mwalimu wake wa hesabu, Mkanada mmoja mwenye ndevu nyekundu, alileta shuleni glovu na magongo akaanza kufundisha besiboli. Wenzake walijali mpira wa miguu na kriketi tu, wakacheka. Yaya alipewa mpira akaurusha mara moja. Mwalimu akaufuata mpira mwenyewe, akamrudishia. Akamwomba arushe tena.

Mrushaji anahitaji mtu wa kudaka, na nyumbani mtu huyo nilikuwa mimi. Kila jioni nilichuchumaa nyuma ya ghorofa letu, mgongo ukutani, glovu kubwa mkononi. Mpira wake ulikuja ukivuma, ukatua kwa mlio uliowafanya wapita njia wageuke. Kiganja kiliniwaka mpaka nikashindwa kushika kalamu darasani, na sikulalamika hata siku moja. Kwetu kulalamika kulikuwa aibu. Papa, baba yetu, alizoea kutuambia, "Sisi tulitembea siku tisa porini na hakuna aliyelia. Ninyi mnalia nini?"

Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, makocha wa chuo kimoja cha Amerika walimwona kwenye mashindano wakampa nafasi: angesoma huko na kuichezea timu yao. Angeondoka mwezi wa nane. Papa alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kuelewa mchezo wenyewe, maana hata kwenye mechi alipiga makofi wakati usiofaa. Lakini Jumapili iliyofuata alimwita Yaya mbele ya waumini, akamshika mkono wa kulia akauinua juu.

"Mtoto wetu anaenda chuo juu ya mkono huu! Mkono huu ndio uliompa nafasi!"

Akina mama walipiga vigelegele. Ibada ilipokwisha, watu walipanga mstari kumgusa ule mkono. Yaya alitabasamu tu, kichwa kimeinama.

Mwezi wa sita mimi ndiye niliyejua kwanza. Mpira ulianza kufika mwepesi. Mlio ukapungua, kisha mipira ikaanza kwenda pembeni, yeye ambaye angeweza kulenga kifungo cha shati. Niliinuka nikavua glovu.

"Yaya, mukono iko na nini?"

"Haina kitu. Inaniuma kidogo kwenye kiwiko, itapita."

"Tumwambie Mama."

"Hapana!" Sikuwahi kumsikia akinipandishia sauti. Kisha akaishusha. "Kanisa nzima inaniombea, Furaha. Nitawaambia nini? Niapie."

Nikamwapia. Kuanzia siku hiyo nilikuwa natoa pakiti ya sombe kwenye friza, naifunga kwa taulo, anaiweka kwenye kiwiko tukiwa chumbani mlango umefungwa. Kisha nairudisha kabla Mama hajatoka kazini. Alimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Mara mbili nilisimama mlangoni mwa darasa la yule Mkanada nikitaka kumwambia, na mara zote mbili niliondoka.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumamosi yenye jua. Papa alikuja amevaa suti. Yaya alirusha mpira, nikasikia mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjwa kwa goti, nikadhani ni gongo. Halafu nikamwona amepiga magoti, mkono wa kulia umening'inia, na mdomo wake umefunguka bila sauti. Papa alikuwa amekwisha kuanza kupiga makofi.

Alipasuliwa wiki ile ile. Daktari alituambia kwa upole kwamba kano la kiwiko lilikuwa likichanika kwa muda mrefu. Angepumzika mapema, lingepona. Chuo kiliandika barua ya heshima, ya ukurasa mmoja, kumtakia kila la heri.

Mama alinikuta jikoni.

"Weye ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Mama."

Aligeukia sinki akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi tayari. Hakunipiga wala kunitukana. Ningependa angenipiga.

Kanisani watu waliacha kumwuliza habari, na mwishowe Yaya akaacha kwenda. Siku hizi anaishi Leeds, anaendesha forklifti kwenye ghala. Kiwiko hakinyooki mpaka mwisho. Tukipigiana simu tunaongea juu ya hali ya hewa. Mara moja tu nilijaribu kumwomba msamaha. Akanijibu, "Ulikuwa mtoto," akakata simu.

Sisi wa enzi ile tukikutana kwenye harusi huwa tunawacheka watoto wetu. Tunawaongelesha Kiswahili, wanatujibu Kiingereza. Kidole kikichubuka, nyumba nzima itangaziwe, na bibi yao apigiwe video akione. Binti yangu ana miaka saba na ndiye bingwa wao. Nacheka na wenzangu, na ni kweli tulikuwa wagumu, na ni kweli naukumbuka ule ukuta nikatamani kuchuchumaa tena pale. Lakini binti yangu akilia chumbani kwamba anaumwa, hata kama ni uongo wa kukwepa shule, naacha sufuria jikoni liungue, namkimbilia.