Kome za Mreno Zilivyopikwa Kama Muthokoi

Enzi zetu, mwanaume akionekana na mwiko mkononi, majirani walikuja kuuliza mkewe amefariki lini. Nasema habari za Mbooni, na ninyi mliozaliwa juzi mkakuta baba zenu wakikaanga mayai hamtanielewa, kwa hiyo leo naongea na wa rika langu. Jikoni kulikuwa kwa mama. Baba aliishia mlangoni, na hata hapo alikohoa kwanza.

Chakula chetu kilikuwa muthokoi. Mchana tulikula muthokoi, na jioni, ili tusichoke na kitu kimoja, tulikula ule wa mchana uliopashwa moto. Wenye bahati walipata maharagwe matatu au manne kwenye sahani. Mahindi yakishakobolewa kwenye kinu, mama aliyatia chunguni asubuhi tukienda shule na tukirudi bado yanatokota, moshi umejaa nyumba nzima, na sisi tunanuka moshi hadi kwenye daftari za hesabu. Kwa mama yangu, kitu ambacho hakijachemka nusu siku kilikuwa kibichi, na aliyekipika alikuwa mvivu. "Tumbo si kinu," alituambia. Vijana wa leo wanamwaga maji moto kwenye tambi, wanahesabu dakika tatu, halafu wanashangaa magoti yanauma wakipanda kilima kimoja.

Baba alifanya kazi Mombasa, nyumbani kwa Mreno mmoja mwenye biashara ya meli. Kazi yenyewe aliieleza kwa ufundi mkubwa. "Nasimamia nyumba," alisema, na Mbooni nzima ikaridhika. Kanisani alikalishwa benchi la mbele. Akija likizo alivaa viatu hata akienda kuona ng'ombe. Ni mama na mimi tu tuliojua kwamba alichosimamia ni sufuria. Alikuwa mpishi. Mama alikuta aproni kwenye begi lake, akaniona nimeiona, akaniambia, "Mwende, ukifungua huo mdomo nitaushona." Na mama alikuwa na sindano kubwa ya magunia, kwa hiyo nilinyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka kumi hivi, baba alikuja na gunia linalovuja maji. Aliteremka kwenye treni Sultan Hamud alfajiri, akapanda basi, na njia nzima alikuwa akilimwagia maji gunia lake kama mtu anayeuguza mgonjwa. Ndani kulikuwa na kome, wale wadudu wa baharini wanaokaa ndani ya magamba mawili. Alileta pia soseji nyekundu za Mreno zilizokaushwa kwa moshi, na chupa ndogo ya divai iliyofungwa kwa gazeti kama dawa ya mifugo.

Mama alichungulia gunia. "Baba Mwende, hizi si konokono?"

"Ni za baharini."

"Kwa hiyo konokono akioga anakuwa chakula?"

Mimi baba aliniambia ukweli, tukiwa wawili shambani tunachuma kahawa. Alisema ule mchuzi wa kome na soseji ndio aliokuwa anaujua kuliko vyote. Akiuweka mezani, nyumba ya Mreno hunyamaza kimya, hata watoto, na mama wa nyumba hupangusa bakuli kwa mkate. "Wageni wote wameshakula mkono wangu, Mwende," alisema. "Watu wangu bado." Sikuwahi kumsikia baba akitaka kitu namna ile.

Lakini angewapikiaje, na yeye ni msimamizi wa nyumba? Akapanga mambo kiume. Alimwalika kaka yake mkubwa, baba mkubwa Kioko, pamoja na wazee wawili wa kanisa, akawaambia Mreno ametutumia zawadi ya chakula. Mama ndiye angepika. Yeye angempa maelekezo mapema, kutoka mlangoni, kisha akae na wageni kama mtu wa heshima.

Basi asubuhi ile akasimama mlangoni akafundisha. Kata soseji, zikaange mpaka mafuta yawe mekundu. Tia vitunguu, saumu na nyanya. Mimina divai kidogo. Kome ni za mwisho. "Funika, ngoja dakika tano. Zikifungua midomo, epua."

"Dakika tano," mama alisema. "Hata chai haiivi."

"Tano, mama Mwende. Tafadhali."

Wageni walifika, baba akaenda kuketi nao uani. Mama akachukua ile divai, akainusa, akaimwaga nje. Ile ilikuwa nyumba ya watu waliookoka. Mahali pake akatia maji mengi na kipande cha magadi, yale ya kulainishia maharagwe. Akamimina kome, akasukuma kuni ndani.

Harufu ikatoka, na sijawahi kunusa kitu kama kile tena. Hata kwa maji na magadi, ilikuwa na soseji na saumu, na chumvi ya mahali ambapo sikuwa nimefika. Baba alikuwa katikati ya hadithi ya meli, akakatiza. Pua ilimwambia. Akaniita kwa sauti ya chini, "Mwambie mama yako aepue."

Nikakimbia. Mama akainua kifuniko, akatazama. "Nimeona zimefungua midomo. Hata mtu akifa hufungua mdomo. Mwambie bado."

Nikarudi. "Mama anasema bado."

Baba akakohoa, kile kikohozi cha mlangoni, lakini kwa nguvu. Mama akaongeza maji. Baba akanituma mara ya pili, na mama akaongeza kuni. Mara ya tatu baba hakunituma. Aliinuka nusu kwenye kiti, mikono magotini, macho jikoni.

"Unaenda wapi, ndugu yangu?" baba mkubwa Kioko akauliza. "Kwani wewe ndiye mpishi?"

Wazee wakacheka. Mimi moyoni nilikuwa nasema, nenda, baba, nenda. Kutoka pale hadi jikoni zilikuwa hatua kumi.

Baba akaketi. Akamalizia hadithi ya meli.

Chakula kilikuja baada ya saa mbili nzima za kuchemka. Soseji zilikuwa zimeyeyuka. Kome zilikuwa zimejitenga na magamba yake, zimekunjamana na kuwa vifungo vya shati. Mzee wa kanisa akaomba kwa kirefu, kana kwamba alijua. Baba mkubwa Kioko akatia moja mdomoni, akatafuna, akahamisha shavu, akatafuna tena.

"Huyu Mreno," akasema, "anakula viatu vyake?"

Wakaangua kicheko. Na baba yangu akacheka kuwashinda wote. "Wazungu, bwana! Mimi kule hata sionji."

Nilitamani kumpiga baba mkubwa teke. Hadi leo, na amekwisha kuzikwa, Mungu anisamehe, bado natamani. Mama peke yake alikula sahani yake yote, akatutazama kwa fahari. "Angalau zimeiva," akasema. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amezipa heshima yote aliyojua kukipa chakula.

Baba hakuleta kome tena. Alipika Mombasa mpaka akastaafu, akarudi Mbooni akashika jembe. Siku ya mazishi yake mchungaji alisoma kwamba marehemu alikuwa msimamizi wa nyumba, na watu wakaitikia kwa vichwa kwa heshima.

Siku hizi niko Kitui mjini kwa mjukuu wangu Kyalo. Huyo anapika, tena mchana kweupe, mkono mmoja kwenye sufuria na mwingine kwenye simu, ili watu asiowajua wamwone akiunguza vitunguu. Nao wanampigia makofi! Wanamtumia mioyo. Kisha ananiletea kijiko, "Susu, onja, iko fiti," nami naonja, na haiko fiti, chumvi imezidi. Lakini naonja. Anaposimama pale akingoja nimeze, macho yamenikazia, nakumbuka hatua kumi zile, na chumvi yake naimeza yote.

Wale watoto wa Mreno, kama wako hai, ni wazee wa umri wangu sasa. Wakikutana huko kwao labda wanaulizana kama kuna anayekumbuka mchuzi wa yule mpishi wa Mombasa, na wote wanaukumbuka. Mimi ni binti yake, na nilipata harufu tu.