Mama Pacha Alipobaki Benchi Siku ya Pasaka

Jumapili ya Pasaka, wakati wa Komunyo, mke wangu hakusimama.

Hapakuwa na kelele wala hakuna aliyezimia. Benchi letu lilinyanyuka, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, na nilipogeuka ili nimpishe atangulie, nikakuta amekaa. Mikono juu ya magoti, macho sakafuni.

Akasogeza miguu pembeni ili nipite.

Nikapita.

Kama wewe si Mkatoliki utasema, kwani hapo kuna nini? Ngoja nikueleze. Kwetu, mtu akibaki benchi wakati wa Komunyo, ana sababu. Wengi tunaoona tunaifikiria sababu moja tu: ana dhambi kubwa ambayo hajaiungama. Na Pasaka ndiyo siku ambayo hata yule tusiyemwona mwaka mzima anajikaza apokee.

Sasa huyu ni Mama Pacha. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumwona akikosa Komunyo. Ndiye anayenikumbusha mimi kuungama.

Na kuungama tulikwenda. Jumatano ya wiki ileile, pamoja. Alinitangulia kwenye foleni, akatoka uso umetulia kama mtu aliyetua mzigo.

Kwa hiyo, chochote kilichomzuia kilitokea kati ya Jumatano na Jumapili. Siku nne.

Mimi ni fundi wa mashine za cherehani. Hakuna aliyenifundisha. Nilinunua mbovu mbili, nikazifungua, nikazirudisha, nikazifungua tena mpaka zikashona. Kazi hiyo haitaki pupa. Unafungua, unapanga skrubu moja baada ya nyingine juu ya kitambaa, unaandika kwenye daftari ulichokiona. Sokoni wananiita Polepole, na mimi jina hilo nililipenda. Niliona ni sifa.

Basi sikumuuliza mke wangu kitu. Tulirudi nyumbani, tukawatakia majirani Pasaka njema, na mimi nikaanza kuangalia.

Kitu cha kwanza nilichokumbuka ni glasi.

Ijumaa Kuu asubuhi nilikuwa natafuta bisibisi yangu ndogo juu ya kabati la chumbani. Nikapapasa, nikagusa glasi. Ilikuwa na maji, imefunikwa kwa kisahani, na ndani ya maji kuna leso nyeupe ya mke wangu imekunjwa vizuri.

Nikaichungulia, nikairudisha. Jumamosi glasi ilikuwa imeoshwa, iko na wenzake jikoni.

Wakati ule sikuitilia maanani. Baada ya Pasaka nikaanza kuiwaza. Nani anaficha maji juu ya kabati? Nikafikiria waganga, Mungu anisamehe. Nikafikiria kwamba kuna dawa imechovywa mle, na mnywaji aliyekusudiwa ni mimi.

Kwa wiki nzima nilinusa chai kabla ya kuinywa.

Jumapili iliyofuata, Dominika ya Huruma, akabaki tena benchi. Na ile ya tatu pia.

Mambo mengine nikaanza kuyaona sasa. Mke wangu ni mwimbaji wa sauti ya kwanza, lakini tangu Pasaka alikuwa anakaa na mimi huku chini. Alisema amechoka kusimama. Nami nilifurahi, nikadhani amenikumbuka.

Nikirudi kutoka kazini, chakula changu kiko mezani, chake hakipo. Nikimkaribisha ananiambia ameshakula. Kila siku ameshakula.

Alikuwa amepungua. Siku moja nikamkuta anabana magauni yake mawili kiunoni, kwa mashine niliyomtengenezea mwenyewe. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu anabana magauni. Anabana kwa ajili ya nani?

Yote hayo niliyaandika kwenye daftari, tarehe na saa, ukurasa wa nyuma, baada ya orodha ya mikanda na sindano.

Dada yangu alikuja kunitembelea kibandani kwangu sokoni. Huyo hana breki. Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia ninavyotia mafuta mashine, akaanza na habari za watoto wetu mapacha walioko shule ya bweni, akazunguka, akazunguka, halafu akatua.

"Kaka, mkeo ana nini na Mungu?"

Nikamwambia sijui.

"Wewe hujui, lakini jumuiya nzima inajua hapokei. Mtu ameungama Jumatano, Jumapili amekaa kama gunia. Hizo siku nne alikuwa wapi?"

Nikamwambia sipendi kumhukumu mtu haraka.

Akacheka kwa pua. "Endelea na upole wako huo. Siku utakayofungua macho, utakuta wifi ameshafungasha." Kisha akaongeza, akiwa anaondoka, kwamba Mwalimu wa kwaya siku hizi anaonekana sana mtaani kwetu.

Hilo nilikuwa nimeshaliona. Nilikuwa nimeliandika.

Mwalimu wa kwaya ni mtu mwembamba, mcheshi, suruali imepigwa pasi hata siku ya kazi. Mara mbili nilimkuta mlangoni kwangu akiongea na mke wangu kwa sauti ya chini. Nilipofika wakanyamaza. Akanisalimia, "Mzee, habari za kazi?" akaondoka bila kungoja habari zenyewe.

Wiki ya tano ya Pasaka, siku ya Jumatano, simu ya mke wangu ilikuwa inachaji karibu na redio. Ikawaka. Sikuigusa, niliinama tu.

Mwalimu wa Kwaya: "Kesho saa tatu palepale. Mzee usimwambie kama hujawa tayari. Usiogope."

Nikarudi kwenye kiti changu.

Mke wangu akatoka bafuni, akaitazama simu, akaitia mfukoni. Akaniuliza kama nitachelewa kurudi kesho. Nikamwambia kesho nina mashine nne za shule ya ufundi, nitashinda huko. Ulikuwa uongo, na niliusema kwa sauti ileile ya upole ninayojisifia.

Alhamisi sikwenda popote. Nilikaa kwenye duka la vipuri mkabala na kona yetu mpaka nilipomwona anapita. Alivaa gauni lililobanwa. Nikamfuata kwa mbali, nimeshika mfuko wangu wa bisibisi kama mtu anayekwenda kazini.

Kwenye kona ya benki Mwalimu wa kwaya alikuwa anamsubiri. Hawakushikana mikono. Alimpokea mkoba tu, wakatembea pamoja, mitaa mitatu, mpaka kwenye geti la hospitali.

Hospitali.

Nilisimama pale nje, akili ikakimbia kuliko ilivyowahi kukimbia. Mwanamume asiye wake, siri, hospitali. Fundi anayejisifu kwa kutokuwa na pupa alichukua nusu dakika kumaliza hesabu yote. Ni mimba, nikasema.

Nikaingia.

Niliwakuta kwenye korido, kwenye benchi refu la mbao. Mke wangu ameshika karatasi. Mwalimu amekaa nafasi ya watu wawili mbali naye, mkoba magotini. Waliponiona, mwanamume akasimama. Mke wangu hakusimama.

Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi njiani. Likatoka moja.

"Ni ya nani?"

Akanitazama. "Nini ni ya nani?"

Nililitazama tumbo lake.

Nikaona anaelewa. Ilianzia machoni, ikashuka mpaka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuweza kuutazama uso wake. Mwalimu wa kwaya aliweka mkoba chini taratibu, akatembea mpaka mwisho wa korido, akasimama ametugeuzia mgongo.

"Kaa, Baba Pacha," mke wangu alisema.

Nikakaa.

"Simezi."

Alisema hivyo tu kwanza. Halafu akanieleza, kwa sauti nyembamba ambayo ilikuwa imekwaruza, na nikashangaa kwamba nilikuwa naisikia kila siku bila kuisikia.

Ilianza katikati ya Kwaresima. Ugali ulikuwa unakwama kifuani. Akahamia wali, ukakwama. Mkate, ukakwama. Akawa anakunywa uji na supu kabla sijarudi, ili nisimwone anavyohangaika. Magauni aliyabana kwa sababu yalikuwa yanamporomoka.

Alhamisi Kuu alipokea Komunyo akiwa juu na kwaya. Hostia, kile kimkate chepesi cha Komunyo, ikakataa kushuka. Akatoka nje mbio, nyuma ya kanisa, na ikarudi. Ikarudi mkononi mwake, kwenye leso.

"Nilimtapika Bwana," akasema. "Siku aliyotupa mwili wake, mimi nikamtapika."

Alikumbuka mafundisho ya utotoni kwamba hostia iliyoharibika huachwa ndani ya maji mpaka iyeyuke, kisha maji yanamwagwa ardhini mahali pasipokanyagwa. Hakujua afanye nini kingine. Aliiweka glasi juu ya kabati, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na Jumamosi akayamwaga maji yake kwenye maua yaliyo dirishani. Tangu siku hiyo hakuthubutu kwenda mbele.

"Kwa padre ulikwenda?" nikamuuliza.

"Ningemwambia nini? Niliona Yeye mwenyewe amenikataa."

Nilisikia aibu ya namna ambayo sina jina lake. Nilikuwa nimeinusa chai yake.

Nikamuuliza mke wangu huyu Mwalimu anahusikaje. Akasema Mwalimu alikuwa anamfundisha wimbo wa Pasaka, akasikia sauti yake imebadilika. Akamuuliza ana nini. Mke wangu akamdanganya. Akamuuliza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mke wa Mwalimu ni muuguzi hapa hapa. Ndiye aliyempangia kumwona daktari, na leo alikuwa wodini. Yule mwanamume alikuwa anamsindikiza kwa sababu mke wangu aliogopa kuingia peke yake.

"Mimi je? Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alizikunja zile karatasi mara mbili.

"Nilikuwa nangoja uniulize. Nilibaki benchi pembeni yako, Baba Pacha. Jumapili tano. Ukanipita miguuni kwenda kupokea, ukarudi, ukapiga magoti, hukuniuliza hata mara moja."

Muuguzi mwingine akatoka, akauliza nani ndugu wa mgonjwa. Wakitaka kuingiza kamera kooni, lazima mtu atie sahihi. Mke wangu alinitazama, akamtazama Mwalimu kule mwisho wa korido. Alikuwa anaamua.

Kisha akanielekezea kidevu. "Huyu. Ni mume wangu."

Nilitia sahihi, wakamwingiza ndani. Mwalimu wa kwaya nilimwomba radhi palepale. Hakunirahisishia. Alisema, "Mzee, mimi umenitukana kidogo. Aliyetukanwa sana yuko mle ndani."

Majibu yalikuja baada ya siku sita. Siku hizo sitazisimulia. Ulikuwa ni mrija wa chakula umebana kwa kovu la asidi ya tumbo, si ule ugonjwa ambao wote wawili tuliuogopa bila kuutaja. Wakaupanua kwa puto dogo linalojazwa hewa ndani ya koo. Atarudi mara kadhaa.

Padre alikuja nyumbani. Mke wangu alimweleza habari ya leso huku analia. Padre akamwambia alichofanya na ile glasi kilikuwa sawa kabisa, kwamba lililokataa ni koo tu, na kwamba asiyeweza kumeza hostia anaweza kupokea Damu peke yake kutoka kwenye kikombe, na amepokea kamili. Jumapili iliyofuata alikwenda mbele. Akagusa kikombe kwa midomo. Mimi nilibaki benchi, na najua dada yangu aliniona.

Jumanne yake nikaungama. Nilisema yote: daftari, simu, uongo wa mashine nne, swali la korido.

Padre akaniambia maneno ambayo tangu siku hiyo yamekuwa Pasaka yangu.

"Kristo Mfufuka alikuwa anajua kila kitu. Lakini fuata masomo ya siku hizi hamsini, kazi yake ni kuuliza. Anamuuliza mama pale kaburini analia nini. Anawauliza wale wawili njiani wanazungumza nini. Anawauliza wavuvi kama wana chochote cha kula. Wewe ulikuwa hujui kitu, na hukuuliza."

Malipizi aliyonipa: mpaka Pentekoste, swali moja kila siku kwa mke wangu, na kusikiliza mpaka mwisho bila kuandika.

Nikaanza. Umelalaje? Inauma wapi? Unaogopa nini? Mwanzoni alinijibu kwa neno moja, kama anayemjibu karani. Ilikuwa haki yake. Siku ya nne akanijibu kwa maneno kumi. Kuna majibu yalinichoma, hasa alipoeleza lile swali langu la korido lilimfanyia nini. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Siku ya Pentekoste, mchana, alijaribu wali laini na mchuzi. Nilimtazama anavyotafuna, nikauliza kama umeshuka. Nikauliza kama anataka maji. Nikauliza anawaza nini.

Akaweka kijiko chini.

"Nawaza utanyamaza saa ngapi ili nile."

Tukacheka wote wawili. Kisha akamaliza sahani.

Ndugu yangu unayesoma, nakuachia hili. Nilijiita mtu asiyehukumu haraka, kumbe nilikuwa naendesha kesi kimyakimya wiki baada ya wiki, na mshtakiwa sijamwita hata siku moja. Ukimwona mtu wako amebaki benchi, usimruke miguu. Kaa. Muulize ana nini.