Miguu ya Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, maana hakuna pindo lililowahi kwenda mrama mikononi mwake. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na dirisha pana. Jua la asubuhi lilipopenya vitambaa vilivyoning'inia, kuta ziligeuka buluu, zikawa manjano, kisha zikawa rangi isiyo na jina. Yeye alikaa humo akikanyaga cherehani, chupa ya maji ubavuni, mawazo yamekwenda zake.

Kisukari alikijua. Kilikuwa kimetimiza mwaka wa sita mwilini mwake, na vidonge alivimeza siku alizovikumbuka. Mumewe, mstaafu wa posta, alipomkanya, yeye alimjibu kwamba mgeni asiyebisha hodi hapewi kiti. Chai yake ikabaki ile ile ya vijiko vinne.

Ndipo miguu ikaanza kuwa myepesi. Alijihisi kama anatembea juu ya pamba, sakafu iko chini huko, mbali. Hakumwambia mtu. Kusema kweli, hali ile aliipenda. Baada ya miaka thelathini ya kukanyaga cherehani, nani alalamikie nyayo zisizochoka?

Alasiri moja alitandaza gauni jeupe la bibi harusi chini, akawa analizunguka peku, akilipima kwa macho. Mumewe akaingia, akasita mlangoni. Kwenye vigae palikuwa na alama nyekundu, moja baada ya nyingine, zimelizunguka gauni kama maua. Akamkalisha mkewe, akauinua mguu. Pini ilikuwa imezama kisiginoni, kimebaki kichwa chake tu. Mama Pindo aliutazama mguu ule kama wa mtu mwingine.

Kliniki, muuguzi alimtaka afumbe macho, na kila atakapohisi kitu unyayoni, aseme. Akafumba. Alisikia feni ikizunguka, mtu akikohoa koridoni, viatu vikipita. Akangoja sana.

"Tutaanza saa ngapi, mwanangu?" akauliza.

"Tumeshamaliza, mama."

Alipofumbua macho, muuguzi alikuwa na uzi mwembamba wa plastiki mkononi. Alikuwa amemgusa mahali kumi. Akamweleza polepole kwamba sukari iliyozidi kwa miaka imeumiza mishipa ya fahamu.

"Kuanzia leo, macho yako ndiyo yaihisie miguu."

Daktari akamwanzishia sindano za insulini. Yeye aliyeishi kwa sindano akaiogopa ile moja siku mbili nzima, kisha akajicheka. Vijiko vya sukari vikapungua hadi vikaisha, kwa shingo upande. Mboga zikachukua nusu ya sahani. Viatu vya kufunika vidole vikawa vya lazima, hata ndani. Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga, na wiki kadhaa katika hiyo alilala akiota mguu haupo. Kilipona. Hisia hazikurudi, akajifunza kuendesha cherehani kwa kusikiliza mlio wake.

Sasa kila asubuhi, kabla hawajatoka kwenda kutembea nusu saa, mzee huvaa miwani, akampakata miguu na kuikagua kama alivyokuwa akisoma anwani zilizofifia. Huuliza sukari imesoma ngapi, naye humtajia. Juzi ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

"Umeshika wapi?" Mama Pindo akamuuliza.

"Kidole cha mwisho."

Akainama, akautazama mkono wa mumewe pale ulipokuwa.

"Usiachie kwanza," akasema.